Jiwe la Shinkolobwe na Amani ya Hofu

Husemwa, "Dawa ya moto ni moto." Wengine huijibu methali hiyo wakisema kwamba dawa ya moto ni maji. Tangu mwaka 1945 madola makubwa ya dunia yamefuata neno la kwanza katika jambo kubwa kuliko yote, nalo ni silaha za atomiki. Dola lililoona kwamba adui wake ana bomu hilo lilijitafutia lake, likitumaini kwamba moto wa huyu utauzuia moto wa yule. Katika mazungumzo haya twataka kueleza silaha hiyo ilipatikanaje, ilibadilije mwenendo wa mataifa katika vita na amani, na kama kweli imewapa usalama wale walioitengeneza. Yatupasa kuanza Katanga, katika nchi ya Kongo, ambako Kiswahili husemwa migodini na sokoni. Maana sehemu kubwa ya madini yaliyotiwa katika bomu la kwanza kupigwa juu ya mji wa watu ilichimbwa huko.

Shinkolobwe ni mahali karibu na mji wa Likasi, kusini mwa Katanga. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja mtafuta madini, jina lake Robert Sharp, aliona huko mawe mazito yenye rangi ya manjano, akatambua kwamba si mawe ya shaba tu. Kampuni ya Kibelgiji iitwayo Union Minière ikaanza kuchimba, nayo ilitaka radiamu. Kwani radiamu ilitumiwa kutibu kansa, na bei yake ilishinda bei ya dhahabu mara nyingi. Urani, ambayo hukaa pamoja na radiamu katika jiwe lile lile, haikuwa na thamani kubwa. Ilitumiwa kutia rangi vyombo vya kioo na vya udongo, na iliyosalia iliwekwa kando kama pumba baada ya mpunga kutwangwa.

Mambo yaligeuka mwezi wa Desemba 1938. Mjini Berlin, wataalamu wawili wa Kijerumani, Otto Hahn na Fritz Strassmann, waliona kwamba urani ikigongwa na vijichembe viitwavyo nyutroni hutokea vitu vingine vyepesi kuliko urani yenyewe. Bibi Lise Meitner, mtaalamu aliyekuwa amekimbilia Sweden kwa kuwa alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi, pamoja na mpwa wake Otto Frisch, ndio waliofahamu maana yake: kiini cha atomu kimepasuka. Kila kitu tukionacho kimefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu, na katikati ya kila atomu kuna kiini. Kiini cha urani kikipasuka hutoa nguvu, tena hutoa nyutroni mbili au tatu, ambazo huweza kupasua viini vingine. Ni kama cheche katika nyasi kavu wakati wa kiangazi: unyasi mmoja huwasha miwili, miwili huwasha minne, mara mbuga nzima yawaka. Tofauti ni kwamba nyasi huwaka kwa saa nyingi, na urani huyatimiza hayo yote kabla mtu hajapepesa jicho.

Wataalamu wengi waliowakimbia watawala wa Ujerumani waliogopa kwamba Wajerumani watakuwa wa kwanza kutengeneza bomu kwa njia hiyo. Tarehe 2 Agosti 1939 mmoja wao aliyejulikana duniani kote, Albert Einstein, alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani akimwonya juu ya jambo hilo. Barua hiyo ilitaja waziwazi kwamba chimbuko kubwa la urani liko katika Kongo ya Wabelgiji. Tazameni jinsi jambo hili lilivyoanza. Mtu wa kwanza kulitaka bomu hakulitaka kwa tamaa ya kuteka nchi. Alilitaka kwa kumhofu jirani ambaye huenda akalipata kwanza. Hofu hiyo haijaliacha bomu tangu siku ile.

Mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameonywa mapema juu ya thamani mpya ya mawe yake. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka 1940, alitoa amri madini ya Shinkolobwe yapelekwe New York. Tani zipatazo 1,200 zikawekwa ghalani katika Staten Island, zikakaa humo karibu miaka miwili bila mtu kuziuliza. Mwezi wa Septemba 1942 ofisa mmoja wa jeshi la Marekani alifika kwa Sengier akitafuta urani, akakuta kwamba aitafutayo imekwisha kuvuka bahari. Baada ya hapo mgodi ulifunguliwa tena na maji yaliyoujaza yakapigwa pampu. Madini yakasafiri kwa gari la moshi, kwa mashua za mtoni, na tena kwa gari la moshi hadi bandari ya Matadi, ndipo yakapakiwa merikebuni. Ubora wa jiwe hilo ulikuwa wa ajabu. Katika mafungu yaliyo bora, sehemu 65 katika mia zilikuwa urani, hali madini ya mahali pengi pengine hayakufika hata sehemu moja katika mia. Wakongo walioyachimba, kuyachagua na kuyabeba hawakuambiwa ni ya kazi gani. Siri hiyo ilifichwa hata kwa wengi wa Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya bomu.

Bomu la kujaribia lilipasuliwa jangwani New Mexico tarehe 16 Julai 1945. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imekwisha kushindwa tangu mwezi wa Mei, na ile hofu ya kwanza haikuwa na msingi tena. Walakini silaha ilikuwa tayari, na vita vya Japani vilikuwa vingali vikiendelea. Tarehe 6 Agosti, saa mbili na robo asubuhi, ndege moja iliangusha bomu moja la urani juu ya mji wa Hiroshima. Nguvu yake ilikuwa sawa na ya tani zipatazo 15,000 za baruti kali. Tarehe 9 Agosti bomu la pili, lililofanywa kwa plutoni, lilianguka Nagasaki. Hesabu za watu waliokufa ni za kukisia, maana nyumba nzima ziliteketea pamoja na wenyewe na daftari zao. Lakini hukisiwa kuwa hata mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na wapatao 70,000 Nagasaki. Wengine walikufa kwa joto, wengine kwa nyumba kuwaangukia, na wengine walionekana wazima, kisha baada ya siku kadhaa nywele zikawatoka, damu ikawatoka, wakafa. Hayo ya mwisho yalikuwa kazi ya mionzi, ambayo haionekani kwa jicho wala kusikika kwa sikio, nayo huendelea kuwadhuru watu vita vikiwa vimekwisha.

Mataifa hayakukosa kuiona hatari. Azimio la kwanza kabisa la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa London tarehe 24 Januari 1946, lilihusu jambo hili: liliunda tume ya kutafuta njia ya kuziondoa silaha za atomiki. Marekani ikatoa shauri kwamba urani na viwanda vyote viwe chini ya mamlaka moja ya dunia, na kwamba yenyewe itayaacha mabomu yake baada ya mamlaka hiyo kusimama. Urusi ya Kisovieti ikajibu kwamba mabomu yateketezwe kwanza, ndipo ukaguzi ufuate. Kila mmoja alimtaka mwenzake atangulie kuweka silaha chini, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeiweka.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Urusi ilipasua bomu lake la kwanza tarehe 29 Agosti 1949, Uingereza mwaka 1952, Ufaransa mwaka 1960, na Uchina mwaka 1964. Kisha likaja bomu la haidrojeni, ambalo bomu la Hiroshima ni kama kiberiti tu kwa kulilinganisha. Moja lililojaribiwa na Wamarekani katika kisiwa cha Bikini tarehe 1 Machi 1954 lilikuwa na nguvu ya tani milioni 15 za baruti, na majivu yake yaliwaangukia wenyeji wa visiwa vya jirani na wavuvi wa Kijapani waliokuwa mbali baharini. Bara letu nalo halikuachwa. Ufaransa ilipasua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara, nchini Algeria, na kati ya mwaka 1960 na 1966 ilifanya majaribio 17 katika nchi hiyo. Kwame Nkrumah wa Ghana alipinga kwa maneno makali, naye akazuia mali za Wafaransa zilizokuwa katika nchi yake. Lakini majaribio yakaendelea.

Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni mpya ya usalama. Tangu kale mfalme alijilinda kwa ukuta, kwa handaki na kwa askari wa kumzuia adui asiingie. Kwa bomu la atomiki kinga hiyo haitoshi, kwani kombora moja likipenya, mji mzima umekwisha. Basi madola mawili makubwa, Marekani na Urusi, hayakutegemea tena kumzuia adui asipige. Yalitegemea kumwogofya kwamba akipiga, naye atapigwa. Ili ogofyo hilo liwe la kweli, ilikuwa lazima kila upande uwe na mabomu ambayo hayawezi kuangamizwa yote kwa pigo la kwanza. Kwa sababu hiyo mengine yalizikwa katika mashimo ya saruji, mengine yakawekwa katika ndege zilizo tayari kuruka, na mengine katika nyambizi, yaani manowari zipitazo chini ya maji. Tukitaka kueleza kwa maneno ya sokoni, twaweza kusema kwamba kila serikali iliweka rehani roho za watu wa serikali ya pili. Amani ilidumu kwa kuwa hapana aliyethubutu kuipoteza rehani yake.

Hatuna budi kusema kweli kwamba kanuni hiyo haikukosa faida. Tangu mwaka 1945 Marekani na Urusi hazijapigana uso kwa uso, ingawa uadui wao ulikuwa mkubwa kuliko ule uliozaa vita vingi vya zamani. Wako wataalamu wa historia wasemao kwamba bomu ndilo lililowazuia. Lakini wapiganapo tembo nyasi huumia, na tembo hawa, walipoogopa kupigana wenyewe, walipeleka silaha na fedha zao katika vita vya wengine. Korea, Vietnam na Angola zilipoteza watu kwa mamia ya maelfu katika miaka hiyo hiyo ambayo Moscow na Washington ziliiita miaka ya amani. Tena amani ya rehani ina sharti moja gumu: haina budi kufaulu kila siku, bila kukosea hata mara moja. Ili tuone uzito wa sharti hilo, na tutazame mambo ya mwezi wa Oktoba 1962.

Cuba ni kisiwa kilicho umbali wa kilometa zipatazo 150 tu kutoka pwani ya Marekani. Marekani ilikuwa imejaribu mwaka 1961 kuiangusha serikali ya Fidel Castro, ikashindwa. Tena ilikuwa na makombora ya atomiki huko Uturuki, jirani na Urusi. Nikita Khrushchev, mkuu wa Urusi, akaamua kupeleka makombora Cuba kwa siri, ili amlinde rafiki yake na kumwonjesha Mmarekani hofu ambayo Warusi walikuwa wakiionja. Tarehe 14 Oktoba 1962 ndege ya Kimarekani iliyoruka juu sana ilipiga picha za mahali pa kuwekea makombora hayo. Rais John Kennedy alionyeshwa picha hizo tarehe 16. Wakuu wa majeshi yake walimshauri akapige mabomu mara moja. Yeye, baada ya siku kadhaa za mashauri, akachagua kuzizuia kwa manowari merikebu za Kirusi zisifike Cuba na silaha nyingine, akaitangazia dunia jambo hilo tarehe 22.

Siku iliyokuwa ya hatari kuliko zote ilikuwa Jumamosi, tarehe 27 Oktoba. Asubuhi ya siku hiyo kombora la Kirusi liliiangusha ndege ya Kimarekani juu ya Cuba na rubani wake akafa, ingawa Khrushchev mwenyewe hakuwa ametoa amri. Jioni, manowari za Kimarekani ziliikuta nyambizi moja ya Kirusi baharini, zikaangusha baruti ndogo majini ili kuilazimisha ipande juu. Wamarekani hawakujua kwamba nyambizi hiyo ilikuwa na topido la atomiki. Waliokuwamo ndani walikuwa wamechoka kwa joto na hewa mbaya, wala hawakuwa na habari kutoka Moscow. Hawakujua kama vita vimeanza au havijaanza. Kwa ushuhuda wa mmoja wao, nahodha alitaka kulitumia topido hilo, na ofisa mwingine, Vasili Arkhipov, akamtuliza hata wakakubali kupanda juu. Jambo jingine halikujulikana kwa Wamarekani mpaka miaka mingi baadaye: ndani ya Cuba Warusi walikuwa na mabomu madogo ya atomiki ya kupiga jeshi litakaloshuka pwani. Lau Kennedy angalifuata shauri la kushusha askari, wangalikutana na moto ambao hakuna aliyeujua Washington.

Tarehe 28 Khrushchev akakubali kuyaondoa makombora. Kennedy akaahidi kwamba hataivamia Cuba, na kwa siri akaahidi kuyaondoa yale ya Uturuki, nayo yakaondolewa mwaka uliofuata. Basi tuulize, ni nini kilichoiokoa dunia katika siku hizo 13? Hofu ilifanya kazi yake, hatukatai, kwani iliwafanya wakuu wawili wasite. Lakini hofu ile ile ndiyo iliyopeleka makombora Cuba. Nayo haikuweza kumzuia askari aliyeiangusha ndege bila amri ya mkuu wake, wala haikumfahamisha nahodha aliyekuwa gizani chini ya bahari. Palipokoma nguvu ya hofu, dunia iliokolewa na subira ya watu wachache na kwa mapatano ambayo kila upande ulitoa kitu ukapata kitu. Wakuu hao wawili walilifahamu jambo hilo kuliko wafuasi wao. Mwezi wa Juni 1963 walipatana kuweka njia ya kupelekeana habari moja kwa moja kati ya Washington na Moscow, na tarehe 5 Agosti 1963 serikali zao pamoja na Uingereza zikatia sahihi mkataba wa kuacha majaribio ya mabomu hewani, baharini na katika anga za juu. Huo ulikuwa mwanzo wa kutafuta maji.

Mkataba mkubwa uliofuata ni ule wa kuzuia silaha za atomiki zisienee, uliofunguliwa mwaka 1968 na kuanza kutumika mwaka 1970. Ni biashara ya pande mbili. Mataifa yasiyo na bomu yaliahidi kutolitafuta, na kukubali wakaguzi waingie katika viwanda vyao. Nayo yale matano yaliyokuwa nalo yaliahidi kuwasaidia wengine kuitumia nguvu ya atomu kwa kazi za amani, na kufanya mashauri kwa nia njema ili silaha zao zenyewe ziondolewe. Mataifa mengi yametimiza sehemu yao. Sehemu ya wakubwa imetimizwa nusu nusu. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na mabomu yapatayo 70,000. Baada ya mikataba ya Marekani na Urusi yalipunguzwa sana, na katika miaka hii hukisiwa kuwa yapata 12,000. Lakini hayo yaliyosalia yangali yatosha kuiangamiza miji yote mikubwa, na baadhi ya mikataba iliyoyapunguza imekwisha kuvunjwa. Tena nje ya yale madola matano, India, Pakistan na Korea ya Kaskazini zimejaribu mabomu yao, na Israeli huaminiwa kuwa nayo ingawa haikiri wala haikani. Jumla ni madola tisa.

Yupo wa kumi aliyekuwa nayo kisha akayaacha, naye yuko katika bara letu. Serikali ya Weupe ya Afrika Kusini ilianza kazi ya bomu katika miaka ya 1970, ikitumia urani ya nchi yake yenyewe. Ilikuwa ikichukiwa na mataifa kwa siasa yake ya ubaguzi, na majirani zake walikuwa wakipata uhuru mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1977 setilaiti ya Kirusi iliona mashimo ya majaribio katika jangwa la Kalahari. Mataifa yakapiga kelele, na jaribio halikufanywa. Hata hivyo kazi iliendelea kwa siri, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mabomu sita yalikuwa tayari, na la saba lilikuwa halijakamilika.

Je, mabomu hayo yaliipa serikali ile usalama? Hayakuweza kumzuia mwanafunzi wa Soweto asiandamane, wala mfanyakazi asigome, wala mataifa yasikatae kununua bidhaa zake. Hatari iliyokuwa ikiikabili ilitoka katika udhalimu wake wenyewe, na udhalimu hauna bomu la kuulinda. Ilipofika mwaka 1988 mapatano yalifanywa juu ya Angola na Namibia, na askari wa Cuba wakaanza kuondoka Angola. Rais F. W. de Klerk alipoingia madarakani mwaka 1989 aliamuru mabomu yafumuliwe. Mwezi wa Julai 1991 nchi ilijiunga na ule mkataba wa mwaka 1968, na tarehe 24 Machi 1993 de Klerk akaliambia Bunge habari yote. Wakaguzi wa dunia wakaingia, wakapima, wakathibitisha. Wako wasemao kwamba watawala wale hawakutaka serikali ya Waafrika iyarithi mabomu yao, na huenda kuna kweli katika maneno hayo. Lakini serikali ya Nelson Mandela, iliyoingia mwaka 1994, haikuyataka yarudi.

Viongozi wa Afrika walikuwa wametangaza tangu mwaka 1964, katika mkutano wao wa Cairo, kwamba bara hili lisiwe na silaha za atomiki. Sasa njia ilikuwa wazi. Mkataba ukaandikwa, ukatiwa sahihi Cairo tarehe 11 Aprili 1996, nao ukapewa jina la Pelindaba. Pelindaba ni mahali karibu na Pretoria, ambapo utaalamu wa atomu wa Afrika Kusini ulikuwa na makao yake. Na jina hilo limetoka katika maneno ya Kizulu yenye maana kwamba shauri limekwisha. Mkataba ulihitaji kuthibitishwa na nchi 28 kabla haujawa sheria. Nchi ya 28 ilikuwa Burundi, tarehe 15 Julai 2009. Nchi ndogo isiyo na pwani, ambayo yenyewe ilikuwa imetoka katika vita virefu vya ndani, ndiyo iliyolifunga fundo la bara zima.

Yatubidi sasa kusikiliza neno la wanaopinga, kwani lina uzito. Wao husema, tazameni Ukraine. Urusi ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, mabomu mengi yalisalia katika ardhi ya Ukraine, ingawa funguo zake zilikuwa Moscow. Ukraine iliyatoa yote, na katika mapatano ya Budapest ya mwezi wa Desemba 1994 Urusi, Marekani na Uingereza ziliahidi kuiheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikaitwaa Crimea, na tarehe 24 Februari 2022 majeshi yake yakaingia nchini kwa vita vikubwa. Wenye hoja hii huuliza, ni nani atakayeweka tena silaha chini akiona hayo?

Hatuwezi kulipuuza swali hilo. Ahadi iliyoandikwa haijilindi yenyewe, na dola kubwa livunjapo neno lake huwadhuru hata wale wasiohusika, kwa kuwa hupunguza thamani ya kila neno litakalotolewa baadaye. Lakini tukilifuata jibu lao mpaka mwisho wake, kila nchi yenye jirani mwenye nguvu haina budi kuwa na bomu. Hapo dunia haitakuwa na nyambizi moja yenye nahodha aliyechoka gizani. Itakuwa nazo nyingi, chini ya bendera nyingi, na wala haitampata Arkhipov katika kila moja. Kuvunjwa kwa mkataba kwaonyesha kwamba ulikosa walinzi. Dawa yake ni kuupa walinzi, kama vile kijiji ambacho kisima chake kimechafuliwa hukisafisha na kuweka zamu, wala hakiapi kunywa tope.

Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, na njia zake za chini zikazibwa kwa saruji. Hata hivyo watu maskini waliendelea kwenda huko na sululu wakitafuta kobalti, hata serikali ikatoa amri mwezi wa Januari 2004 mahali hapo pasichimbwe tena. Na mwezi wa Julai mwaka huo huo sehemu ya machimbo iliporomoka ikaua watu. Wale waliolitoa jiwe mwanzo hawakuulizwa, na katika hesabu za ushindi wa mwaka 1945 majina yao hayakuandikwa.

Basi Afrika ina mahali pawili katika historia hii. Huko Shinkolobwe jiwe lilitoka bila wenyeji kujua liendako. Huko Pelindaba silaha iliyokuwa imekwisha kutengenezwa ilifumuliwa, na mataifa yakaitwa kuja kuhakikisha. Yale madola matano ya mkataba wa mwaka 1968 yaliombwa nayo kuahidi kwamba hayatalitisha bara hili kwa mabomu yao. Ni haki yetu kuwakumbusha ahadi hiyo katika kila baraza, maana tumeliomba neno hilo tukiwa tumekwisha kulitimiza la kwetu. Sisi tumesema kwamba shauri limekwisha. Kwa madola tisa bado halijakwisha, na moto wao, hata ukiwashwa mbali namna gani, una majivu yasiyojua mpaka.